Swichi za kumeneji ambazo hakuna aliyezimeneji: kisa cha hoteli iliyokuwa ikizimika kila magharibi

Nilisita kukiandika hiki kisa maana wenyewe wakikisoma watajijua, lakini vijana wanaoanza kazi hii ya mitandao washaniuliza mara nyingi mno "hivi STP ina kazi gani khasa, mbona naiona tu kwenye menyu naipita", nayo ni ile kanuni ya swichi za mtandao ya kuzuia waya zisifanye duara, kwa hiyo nakieleza chote na hoteli siitaji jina. Ni kusini mashariki ya Unguja, ukishapita Jozani na yale matuta ya kuwapisha kima punju unashuka zako baharini. Vyumba arubaini na kitu, mbele mapokezi na ofisi, ufukweni kuna mkahawa na baa, nyumba za wageni za mbali ziko pembeni kule kwenye minazi, na nyuma ya bwawa kuna kibanda cha pampu. Vikumbuke vituo vinne hivyo, kila kimoja kina swichi yake, yaani kile kisanduku cha kuunganishia waya za mtandao.

Simu ilinijia kwa bi mkubwa wa uhasibu.

"Mwanangu, intaneti yetu inakufa kila magharibi."

Nikamuuliza inakufa vipi bi mkubwa, yote au baadhi ya sehemu. Akasema yote, simu za mezani, mashine za bili, kamera, wageni wanakuja mapokezi wamenuna, afu ikifika saa tano usiku inarudi yenyewe kama hakijatokea kitu. Imeanza kama wiki tatu. Nikamuuliza wameshafanya nini. Akanihesabia: ruta imebadilishwa mara mbili, kifurushi cha intaneti kimeongezwa kikawa maradufu, akaletwa fundi akahamisha antena ya juu ya paa, mpishi naye kasema pasomwe dua.

Sasa hapo kwenye simu tu mambo mawili yalishanigonga. La kwanza, kamera. Kamera zinakwenda kwenye rekoda iliyomo humohumo ofisini, hazitoki hata nje ya geti, na simu za mezani za chumba kwa chumba nazo ni hivyohivyo, sasa kama mgonjwa ni intaneti, kamera zinaumwa nini? La pili ni saa. Ruta haijui magharibi ni saa ngapi. Anayejua magharibi ni mtu, au taimu ya umeme. Kwa hiyo kabla sijapanda gari nilikuwa najua natafuta kitu cha ndani, tena kinachofanywa na mkono wa mtu. Mengine yote nilikuwa siyajui, na mengine nilijidanganya kama mtavyoona.

Nikafika saa tano asubuhi, kila kitu kizima, kama jino linalopona ukishafika kwa daktari. Bi mkubwa ananiangalia kwa jicho la "na wewe umekuja kula hela". Nikamwambia naomba nikae mpaka usiku, na mchana huu nichore ramani.

Ramani haikuwepo. Fundi aliyejenga mtandao alishaondoka, kaacha karatasi moja ina nenosiri la waya wa hewani (Wi-Fi) na si jengine. Swichi kumbe zote nne ni za kumeneji, za maana, bei yake si ya mchezo. Kwa asiyejua tofauti: ile swichi ndogo ya bei rahisi unayoipata sokoni Darajani unachomeka waya inafanya kazi basi, haina anwani, haina menyu, huwezi kuiuliza kitu. Ya kumeneji ina IP yake, yaani anwani ya mtandaoni, unaingia kwa brauza au kwa waya wa konsoli, unaiamrisha na unaihoji, poti hii (tundu la waya) imepitisha nini, nani yuko kule, uliwaka lini. Hizi za hapa hakuna aliyewahi kuzihoji tangu zitolewe kwenye boksi. Nenosiri ni lile la kiwandani. Jina la swichi ni lile la kiwandani. Nikafungua logi, yaani daftari la matukio, ya ile ya ofisini nione usiku wa jana kulitokea nini, naona matukio chungu nzima na yote ni ya Januari 1, 1970. Swichi nyingi hazina betri ya kushika saa, zikizimika zikawaka zinaanza kuhesabu upya, na hakuna aliyeipa seva ya NTP ya kuulizia saa. Basi hoteli ilikuwa inaharibikiwa mwaka 1970, mie sijazaliwa.

Ramani nikaipata kwa LLDP. Hii ni itifaki ya 802.1AB, kila kifaa kinajitambulisha kwa jirani yake wa waya mmoja kila baada ya sekunde 30 kwa difolti, mimi ni fulani, hapa ni poti yangu fulani. Ukiingia kwenye swichi moja ukasoma majirani, ukaruka kwa jirani ukasoma wake, robo saa una mchoro. Mchoro ukanionesha kuwa yule fundi wa mwanzo hakuwa mjinga. Kapitisha faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga, kwa mzunguko: ofisini mpaka mkahawani, mkahawani mpaka nyumba za mbali, nyumba za mbali mpaka kibanda cha pampu, pampu mpaka ofisini. Shaba ukomo wake mita 100, faiba ilikuwa ndo jibu, na mzunguko maana yake waya mmoja ukikatwa na jembe la mtu wa bustani kuna njia ya pili. Fikra nzuri. Ila mzunguko wa Etheneti, yaani mtandao wa waya, bila ya mtu wa kuusimamia ni kitanzi.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana kisa chote kimo humu.

Pakiti ya IP ina hesabu inaitwa TTL, kila ruta inayoipitisha inapunguza moja, ikifika sifuri inatupwa. Fremu ya Etheneti, yaani bahasha inayobeba data kwenye waya, haina kitu kama hicho. Fremu ya brodkasti, yaani ile inayopigwa kwa wote kama adhana, swichi inaitoa kwenye poti zote isipokuwa iliyoingilia. Ukiwa na duara, ile ya kwanza inatoa kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, inarudi kwa ya kwanza, na ya kwanza haikumbuki kuwa ishaiona, inaitoa tena. Haifi. Inazunguka mpaka uchomoe waya, na kila mashine inayouliza "nani mwenye IP hii" inaongeza nyengine. Poti ya megabiti 100 inaweza kubeba fremu ndogo 148,809 kwa sekunde moja, na kila kifaa kwenye mtandao kinalazimika kuisoma kila moja kwa sababu imepigwa kwa wote. Printa ya jikoni inasoma salamu 148,000 kwa sekunde, itafanya kazi saa ngapi?

Dawa ni STP. Aliitunga mama mmoja wa Marekani, Radia Perlman, mwaka 1985 akiwa kampuni ya DEC, ikaja kuwa kanuni ya 802.1D. Swichi zinatumiana vibarua, yaani barua ndogondogo, kila sekunde 2, vinaitwa BPDU, zinachagua mmoja awe mzizi wa mti, kila mwengine anatafuta njia ya karibu ya kumfikia, na njia iliyozidi inafungwa. Haikatwi, inawekwa akiba. Duara linakuwa mti.

Na mzizi anachaguliwaje? Kwa namba ndogo. Namba hiyo ni kipaumbele kikifuatiwa na anwani ya MAC, ile namba ya kifaa inayotoka nayo kiwandani. Kipaumbele kwa difolti, yaani usipokigusa, ni 32768 karibu kwa kila swichi, kwa hiyo usipokigusa wote wanatoka sare na inaamuliwa kwa MAC, na watengenezaji wanagawa MAC kwa kupanda, kwa hiyo kwenye swichi za kampuni moja mara nyingi yenye namba ndogo ni ile kongwe. Ukiwaachia wajichagulie wenyewe watamchagua babu.

Hapa babu alikuwa kwenye kibanda cha pampu. Swichi ya zamani mno, poti zake za megabiti 100, imefunikwa vumbi na chumvi, mijusi wamefanya maskani. Hiyo ndo ilikuwa mzizi wa hoteli nzima. Na kwa sababu hiyo mti ukaota kinyume: mkahawa uko hatua chache kutoka ofisini, kuna faiba yake ya moja kwa moja ya gigabiti, lakini kwa hesabu ya mti njia hiyo ndo iliyofungwa. Swichi ya mkahawani ilikuwa na njia mbili za kumfikia babu, gharama sawasawa, ikachagua ya kupitia nyumba za mbali kwa sababu swichi ya kule ina MAC ndogo kuliko ya ofisini ambayo ilibadilishwa mwaka jana baada ya kuungua. Yaani bili ya soda moja ya ufukweni ilikuwa inakwenda nyumba za mbali, inashuka kibanda cha pampu, inachungulia kwa megabiti 100, ndo inafika ofisini. Imezunguka kiwanja chote kwenda nyumba ya jirani.

Nikiwa bado nashangaa hilo, saa nane mchana mtandao ukakatika. Nusu dakika na zaidi, ukarudi. Nikaruka, nikasema nimeupata! Nikakimbilia kibandani namkuta mzee wa bwawa anasafisha chujio, kazima swichi kuu ya umeme ya kibanda kizima.

"Shikamoo mzee, huu umeme umezima wewe?"

"Marahaba. Mie tena, kwani n'safishe na umeme ndani nife?"

Ana haki. Anazima mara mbili tatu kwa siku, na kila akizima mzizi unakufa, swichi zilizobaki zinaanza uchaguzi upya, na kwa kuwa zote ziliachwa kwenye STP ya zamani hapo kuna kusubiri, sekunde 15 za kusikiliza, sekunde 15 za kujifunza, na pengine 20 kabla ya hapo za kungoja taarifa ya kale ikatike. Inafika 50. Akiwasha tena babu anarudi anadai kiti chake, unaanza mwengine. Mapokezi walishazoea, wanasema "inameza mate".

Sasa kosa langu. Nilishajiridhisha kuwa ugonjwa ndo huo, nikamwambia bi mkubwa nimeshaona, usiku mzee atakuwa anafanya kitu kwenye pampu na taimu. Nikanywa chai kabisa. Sikujiuliza hesabu rahisi: uchaguzi unachukua dakika moja kwa wingi, wao wanakaa gizani masaa manne. Kulikuwa na magonjwa mawili, na mie nimemkamata mdogo nikamvisha nguo za mkubwa.

Magharibi nikakaa ofisini na laptopu, waya wa konsoli umechomekwa kwenye swichi moja kwa moja. Konsoli ni muhimu, nitaeleza. Mzee wa bwawa nimemwomba asiguse kitu na yuko mbele yangu anakunywa kahawa. Saa moja na dakika kumi na kitu, mtandao ukafa.

Taa kwanza. Swichi yenye afya taa zake zinapepesa kila moja na mwendo wake. Zile zikaanza kupepesa zote pamoja, haraka, mpigo mmoja, poti zenye kazi na zisizo na kazi. Nikajaribu kuingia kwa brauza, haifunguki, maana akili ya swichi yenyewe inazama kwenye yale mafuriko. Konsoli haipiti kwenye mtandao, kwa hiyo ilijibu, kwa taabu, nachapa herufi nangojea itokee. Matumizi ya CPU asilimia 99. Na kwenye logi mstari mmoja unajirudia mpaka kioo kinakimbia: MAC ya seva ya bili imehama kutoka poti 5 kwenda poti 24, imerudi 5, imekwenda 24.

Seva ya bili haijahama, iko miguuni kwangu kwenye poti 5. Swichi inajifunza nani yuko wapi kwa kutizama fremu ya mtu inaingilia poti gani. Kama fremu za seva zinaingia kutoka poti 24, maana yake zilitoka, zikaenda mahali zikageuzwa, zikarudi. Poti 24 ni faiba ya kwenda pampu.

Mzee akanitizama. "Mie niko hapa."

Tukaenda naye, kashika tochi. Kule kibandani nikachomeka konsoli kwa babu, mijusi wakakimbia, nikasoma: MAC zinahama, zinarudi kutoka upande wa nyumba za mbali. Haya, nyumba za mbali, mchanga unaingia kwenye viatu, kiza, nikachomeka: zinarudi kutoka upande wa mkahawani. Mkahawani, nyuma ya jiko, kikabati kidogo ukutani, nikachomeka: zinarudi kutoka poti 11. Poti 11 haiendi kwenye swichi yoyote niliyonayo kwenye ramani. Nikachomoa waya wa poti 11.

Taa zikatulia. Nikasikia kutoka baa mtu anasema "eeh, imerudi".

Yale magonjwa mawili, mdogo na mkubwa, yalikuwa ndugu, maana kama mzizi ungekuwa ofisini logi ingenionesha mkahawani moja kwa moja, lakini kwa kuwa njia ya karibu imefungwa, uchafu nao ulikuwa unakuja kwa ile njia ndefu, na mie nikaufuata nyayo kwa nyayo hoteli nzima.

Waya wa poti 11 unaingia ukutani unatokea chini ya kaunta ya baa. Nikapiga magoti. Kreti za soda, ndoo, tambara la kudekia, na nyuma yake swichi ndogo ya poti nane, ile ya Darajani, plastiki imekuwa manjano. Ina waya mmoja wa buluu unaotoka tundu la tatu, unajikunja, unaingia tundu la sita. Ncha zote mbili ndani ya kifaa kimoja. Ncha ya sita ile ndimi ya plastiki ya kushikia imevunjika, imefungwa na uzi wa kushonea ili isichomoke. Yaani mtu kahakikisha khasa kuwa haichomoki.

Nikamwita binti wa kaunta, kaja na hofu. Nikamwambia usiogope dada yangu, nieleze tu huu waya. Akasema, "Kaka, huo ni wa mashine ya bili. Ikifika jioni mashine tunaipeleka mchangani kwenye samaki wa kuchoma, kule inatumia waya wa hewani, sasa huu unabaki chini na sisi tunadeki na maji, nikaona utaroa, nikauchomeka hapo kwenye tundu lilokuwa wazi. Tukifunga tunairejesha mashine nauchomeka pale pake." Samaki wa kuchoma wa mchangani walianza lini? "Kama wiki tatu."

Sina la kumlaumu. Kafanya kitu cha mtu mwenye adabu, kakuta waya unaning'inia karibu na maji akauhifadhi. Wanaofaa kuulizwa ni waliomwekea swichi ile pale bila ya kuandika popote, na waliomwachia swichi kubwa nyuma yake na mlango wazi.

Utauliza, mbona STP haikuliona duara hilo, si ndo kazi yake? Ndo pale. BPDU zinapigwa kwa anwani maalumu, 01:80:C2:00:00:00, na kwa kanuni briji haitakiwi kuipitisha, inatakiwa iisome. Swichi ndogo haina akili ya kuisoma. Wengine wanaipitisha, hii ilikuwa inaimeza. Kwa hiyo swichi ya mkahawani inatuma kibarua kwenye poti 11, hakirudi, inadhani kule mwisho kuna kompyuta moja tu, salama. Duara liko nyuma ya pazia. Brodkasti zinaingia pazia hilo na kutoka zimezaliana, na kwa kuwa hoteli nzima iko kwenye VLAN 1, yaani kundi moja tu la mtandao lisilo na ukuta ndani, mafuriko ya chini ya kaunta yanafika kwa kamera ya geti.

Kesho yake nikaanza matengenezo. Bi mkubwa alidhani nishamaliza, waya si umechomolewa? Nikamwambia bi mkubwa, nikiondoka leo keshokutwa atakuja mwengine auhifadhi waya mwengine.

Mzizi kwanza. Ofisini nikaweka kipaumbele 4096, mkahawani 8192, maana kinapanda kwa hatua za 4096, hao wawili ndo mama na makamu, babu nikamwachia 32768 yake. Palepale mti ukageuka, mkahawa ukapita njia yake ya karibu, na njia iliyofungwa sasa ni ile ya kati ya pampu na nyumba za mbali. Mzee azime anavyotaka, hajui mtu. Swichi tatu zilizobaki, zisizo kongwe, nikazihamishia RSTP, yaani STP ya kasi, 802.1w ya mwaka 2001, ambayo badala ya kungoja sekunde zipite inazungumza na jirani wakakubaliana mara moja. Babu haijui, anazungumza lugha ya kale, na RSTP ikikutana na mtu kama huyo inashuka inazungumza naye yake kwenye poti ile tu. Nimeshauri abadilishwe. Wamesema bajeti ijayo.

Poti za watu, yaani za kompyuta na printa na mashine za bili, nikaziweka za ukingoni, zifunguke papo hapo bila ya kungoja sekunde 30. Hili liliondoa kero ambayo hata hawakuniambia: mashine ya bili ya mapokezi ikiwashwa asubuhi inapata IP ya 169.254, wanaizima wanaiwasha mpaka ikubali. Ilikuwa inaomba anwani kwa DHCP wakati poti bado haijafunguliwa na STP, inachoka, inajipa namba ya kujitungia. Poti hizohizo nikazitia ulinzi wa BPDU, ikiingia swichi ya kubabaisha inayotoa vibarua poti inajifunga. Na kwa zile zinazomeza vibarua, ulinzi wa lupu, yaani wa duara: swichi inatuma fremu yake yenyewe, kwa anwani isiyo ya yale maalumu, hata swichi mbumbumbu inaipitisha, ikirudi tu imejijua, inafunga poti. Juu yake kizuizi cha dhoruba, brodkasti zikizidi kiasi fulani kwenye poti zinatupwa.

Halafu VLAN. 802.1Q inatia tagi ya baiti 4 kwenye fremu, ndani yake biti 12 za namba, ndo maana unaweza kuwa na VLAN 4094. Sisi tulihitaji tano. Bili na ofisi 10, wageni 20, kamera 30, simu 40, na ya kumenejia swichi zenyewe 99. Faiba za baina ya swichi zikawa trunki, zinabeba zote na tagi zake, poti za watu ni aksesi, kila poti na VLAN yake moja.

Na hapa nikajifungia nje. Nimekaa ofisini kwenye kiyoyozi, nabadilisha trunki ya nyumba za mbali, nikaandika VLAN zinazoruhusiwa 10, 20, 30, 40, nikabonyeza. Nimesahau 99. Swichi ikaninyamazia, maana njia niliyokuwa nazungumza nayo nimeiziba kwa mkono wangu. Saa saba ya mchana, jua la utosi, nikabeba laptopu na waya wa konsoli mpaka kule kwenye minazi. Mzee wa bwawa ananipita na ndoo, "bado inameza mate?" Siku hizi nikigusa trunki naiamrisha swichi kwanza ijirestati baada ya dakika kumi, na konfigi sisevu mpaka nihakikishe bado naiona. Nikikosea inajirejesha yenyewe.

Mwisho nikaweka NTP, majina ya maana, manenosiri mapya ndani ya bahasha kwa bi mkubwa, na kikompyuta kidogo ofisini kinachopokea logi za swichi zote na kuzihoji kwa SNMP, kikinuka kitu kinaniletea ujumbe. Chini ya kaunta nilitaka niitoe kabisa ile swichi ya manjano lakini matundu ukutani hayatoshi na hawataki kuvunja vigae. Ikabaki. Nikamwekea binti msumari ubavuni mwa kaunta, waya wa buluu uning'inie pale, juu ya maji.

Wiki ya pili Ijumaa usiku, niko Forodhani na watoto, ujumbe ukaingia: mkahawani, poti 11, lupu imeonekana, poti imefungwa. Tarehe sahihi, saa sahihi, sio ya 1970. Kabla sijaumaliza kuusoma simu ikalia, binti wa kaunta.

"Kaka, mashine ya baa haina mtandao."

"Mapokezi je?"

"Mapokezi wazima. Mchangani kwenye samaki wazima. Mimi peke yangu tu."

"Hebu inama chini ya kaunta, utizame ule waya wa buluu uko wapi."

Kimya. Nasikia kreti zinasogezwa.

"Upo umechomekwa. Si mie kaka wallahi, kuna mgeni kaanza kazi leo."

"Uchomoe, utie kwenye msumari. Ngojea dakika tano poti itajifungua."

Hela yangu ya nusu ya pili hawajamaliza kunilipa mpaka leo, bi mkubwa anasema mwanangu subiri msimu.